Nataka kujifunza kutega wanyama wa manyoya na kutengeneza ngozi. Nianzie wapi? (Nakuru)

KijanaWaBahati
Wadau, habari za jioni. Niko Bahati hapa Nakuru, kazi yangu ni bodaboda, na tangu mvua ianze abiria wamepungua nikabaki na simu. Ndiyo nikaangukia video za Wamarekani wanaotega raccoon, muskrat na beaver. Mtu anaamka alfajiri, theluji magotini, anazungukia mitego yake. Akirudi anachuna, anakwangua, anawamba ngozi kwenye ubao, na mwisho unaona kofia. Nimeshikwa, sina la kuficha.

Huku kwetu nikirudisha abiria usiku naona kanu wakikatiza barabara, na nguchiro amekuwa mpangaji bomani kwetu, mayai ya mama anayamaliza yeye. Kwa hivyo manyoya yapo. Nataka kujua mtego gani unamfaa anayeanza, na ngozi inalainishwa na nini ndiyo isigeuke bati. Tafadhali msinitumie video nyingine, nimezimaliza. Nataka mtu aliyechafua mikono.

Afande_Mstaafu
Kijana wangu, kabla hujapinda waya wowote, soma hapa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara ikafungwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaja kukaza zaidi. Kanu, nyegere, mondo, fisi maji, hao wote si wako hata wakilala chini ya kitanda chako. Na usidhani kosa ni kuua tu. Kukutwa na ngozi bila kibali ni kosa lenyewe. Uliiokota barabarani, uliuziwa, hayo utamweleza hakimu.

Hao Wamarekani unaowatazama wana leseni ya jimbo lao na msimu uliopangwa, mara nyingi wakati wa baridi kwa sababu ndipo manyoya huwa mazito. Wewe huna leseni, na hakuna ofisi itakayokupa ya kutega kanu Bahati. Halafu waya hauchagui. Unatega sungura pori, anaingia mbwa wa jirani au ndama wa mjane. Nimewahi kukata tanzi shingoni mwa mbwa aliyekuwa bado anatikisa mkia. Sitaki kulikumbuka hilo.

KijanaWaBahati
Dah. Na nguchiro wa mayai je?

KukuKienyeji_Rongai
Dawa ya nguchiro ni banda, si mtego. Chimbia wavu ardhini futi moja, okota mayai mara mbili kwa siku, ziba kila tundu linaloweza kuingia ngumi. Mimi nilihangaika naye mwaka mzima, fundi akamaliza kesi kwa siku moja.

MtegaFuko_Molo
Ndugu, kama ni kutega tu ndiko kunakokuwasha, njoo huku kwenye viazi nikuonyeshe fuko. Huku Molo na Kuresoi fuko akiingia shambani anakula mistari ya viazi kutoka chini, wewe juu unaona majani yamelala tu, ukivuta yanakuja bila kitu. Kwa hivyo mtega fuko anaitwa na wenye mashamba, analipwa kwa kichwa, na hajifichi mtu.

Mtego wenyewe ni akili ya wazee. Unatafuta kichuguu cha udongo mbichi, uliotolewa asubuhi hiyo. Unachimba hadi uipate njia yake, unaikata wazi. Fuko hapendi mwanga na upepo vimfikie chini, atarudi kuziba. Hapo ndipo unapomngojea. Unasimika fito mbichi, unaipinda, ncha yake unaifunga kitanzi cha waya kilichokaa kwenye mdomo wa njia, na uzi mmoja unakatiza katikati kuizuia ile fito isiruke. Fuko anakuja akisukuma udongo, anakuta uzi, anautafuna. Fito inaruka. Imekwisha.

Mambo mawili. Sugua mikono na udongo wa shimo lile lile kabla ya kugusa chochote, kama umetoka kuvuta sigara au kutia petroli usijisumbue. Pili, weka mtego pande zote mbili za njia, kwa sababu hujui yuko upande gani.

Manyoya yake ni laini sana, kuliko paka. Lakini ngozi ni ndogo na nyepesi, ukikwangua kwa hasira kidole kinapita. Sijawahi kuona mtu akiitengeneza. Sisi tunazika.

KijanaWaBahati
Hii ya uzi nimeipenda. Molo si mbali, nitakuja.

Omwana_wa_Shinyalu
Mulembe. Afande, nikuulize kwa heshima. Ngoma yetu ya isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Tangu zamani ile ngoma iliwambwa ngozi ya kenge. Wazee wa Tiriki wana ngozi za mbega za jando, zimepita kwa mababu. Sasa serikali kwa mkono mmoja inatuambia tulinde ngoma, kwa mkono mwingine inatuambia kenge asiguswe. Tuwambe nini, karatasi?

Afande_Mstaafu
Wamba mbuzi.

Omwana_wa_Shinyalu
Sauti si ile. Ungekuwa umewahi kubeba ile ndogo kwapani ungejua.

Afande_Mstaafu
Sikatai kwamba sauti si ile. Lakini pita msitu wa Kakamega leo uhesabu mbega, halafu fikiria kila kijiji kingetaka kofia mpya kila mwaka wa jando. Ngozi za zamani zitunzwe, na wenye nazo waende ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, waulize habari ya kibali badala ya kuzificha darini. Hilo ndilo ninaloweza kusema. Tusimharibie kijana uzi wake.

MamaSungura_Lurambi
Mwanangu wa Bahati, nimesoma yote nikicheka peke yangu. Ngozi unayoitafuta porini inatupwa kila siku jalalani. Mimi nafuga sungura hapa Lurambi, wale weupe wa New Zealand na chinchila wachache wa kijivu. Mteja anataka nyama. Ngozi alikuwa anakula mbwa, hadi nilipoanza kuzitengeneza mwenyewe. Nakuru wafugaji wa sungura wamejaa, nenda kwa yeyote anayechinja umwombe ngozi, atakuona mwendawazimu na atakupa bure. Mtego huhitaji. Leseni huhitaji. Na sikiliza, kutega si kazi ngumu, mtoto hutega. Kazi ni baada ya mnyama kufa.

Sasa kaa nikueleze ninavyofanya mimi.

Chagua mkubwa. Sungura wa nyama anachinjwa akiwa na miezi mitatu hivi, ngozi yake ni kama karatasi, utaitoboa na utalia. Tafuta wa miezi sita kwenda juu, yule mama mzee aliyeacha kuzaa ndiye bora. Na umpulizie manyoya kabla hajachinjwa. Ukiona vipara vya rangi tofauti kwenye ngozi, anabadilisha manyoya, mwache mwezi mmoja zaidi. Sisi hatuna theluji ya kutupangia msimu, kwa hivyo unapuliza kila sungura.

Akichinjwa, chuna papo hapo, mwili ukiwa bado na joto. Unakata kuzunguka vifundo vya miguu ya nyuma, unapasua kutoka mguu hadi mguu kupitia chini ya mkia, halafu unaivuta yote kuelekea kichwani kama unavyovua soksi. Ngozi ikishatoka, ifungue kwa kisu sawa katikati ya tumbo ipate kulala bapa. Iingize maji baridi mara moja, utoe damu, utoe joto. Baridi, si vuguvugu. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ngozi ikikaa na joto lake, imekunjwa, kwenye mfuko wa plastiki, inaoza kutoka kwenye shina la nywele. Wewe huoni kitu. Unaona wiki ya pili, manyoya yakitoka kwa viganja.

Kama huna nafasi siku hiyo, ipake chumvi upande wa nyama, chumvi nyingi, hadi kwenye pembe zote, uilaze bapa kivulini. Usiianike juani. Jua linaipika mafuta ndani.

Ndoo iwe ya plastiki. Maji lita nane, vuguvugu kidogo. Chumvi ya mawe nusu kilo na shabu (alum) robo kilo, vyote viyeyuke kabisa kabla ngozi haijaingia. Tumbukiza ngozi nne au tano, si ishirini, ziwe zinaogelea. Koroga asubuhi na jioni kwa kijiti, weka jiwe safi juu zisielee. Baada ya saa 48 toa, kamua kwa kubana, usisokote kama nguo. Sasa utaona ule utando wa ndani umelegea. Anzia matakoni, ushike ukingo wake kwa vidole, uuvute kuelekea shingoni. Ukibahatika unatoka mzima kama unavyomenya mhogo uliochemka. Usipotoka, tumia mgongo wa kisu au kijiko kikubwa. Makali usiyakaribishe.

Ngozi ikiwa safi, rudisha kwenye maji yale yale, lakini ongeza chumvi nusu kilo na shabu nusu kilo. Hapo inakaa siku saba, ukikoroga kila siku. Siku ya saba kunja kona nene, karibu na shingo, ibane kwa nguvu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiachia ukaona mstari mweupe unabaki, imeiva. Ikibaki na rangi ya maji maji, siku mbili zaidi.

Osha kwa sabuni kidogo na maji ya kutosha mara hiyo moja, kamua, tundika kivulini. Halafu inakuja kazi ambayo video zako zinaikata. Ngozi ikianza kukauka lakini bado ina unyevu, unaivuta. Unaivuta huku, unaivuta kule, unaisugua kwenye ukingo wa mgongo wa kiti, upande wa nyama, inapovutwa inageuka nyeupe. Ukiacha ikakauka yenyewe, ndipo inakuwa bati. Mimi huvuta nikisikiliza taarifa ya habari, mpaka michezo, mpaka hali ya hewa. Ikikaza kabla hujamaliza, ilowanishe kidogo kwa kitambaa uanze tena.

Mafuta ni kiini cha yai. Viini viwili, maji vuguvugu kikombe, mafuta ya kupikia kijiko, unapaka upande wa nyama peke yake. Mwisho msasa laini, na manyoya unayasugua na unga wa mahindi, unakung'uta, yanang'aa.

Onyo moja. Ngozi ya shabu haipendi maji. Ikishamalizika usiioshe tena, shabu inayeyuka na kuondoka, unabaki na ngozi mbichi. Ni ya ndani ya nyumba, kofia ya kiangazi, mto, slipa za mtoto. Si ya mvua.

KijanaWaBahati
Asante sana mama. Nimechukua daftari. Shabu naipata wapi Nakuru?

MamaSungura_Lurambi
Maduka ya Wahindi ya viungo, ulizia lile jiwe jeupe wanaume wanalopaka baada ya kunyoa. Kwa wingi, ulizia wanaouza dawa za maji. Mabibi zetu waliitumia kutuliza maji ya mto kabla ya mabomba. Nunua ambayo haijachanganywa na chochote.

Boda_wa_Free_Area
Kwenye video wanatia maji ya betri. Ni haraka zaidi, siku tatu.

MamaSungura_Lurambi
Ni haraka pia kupofuka. Na wale hutia magadi baadaye kuua ile asidi, hicho kipande huwa hawakionyeshi vizuri. Asiyeua asidi ngozi yake inakatika kama biskuti baada ya miezi michache. Wenye watoto nyumbani, achaneni nayo.

Mnyonge_Njoro
Naweka mkeka hapa. Lakini wadau, nauliza tu: hii isije ikawa kama mayai ya kware. Mwaka ule wa 2013 kila mtu alikuwa na kizimba, hata pasta wetu. Tukaambiwa hata leseni ya KWS inahitajika, watu wakalipa, na kufikia 2014 yai lililouzwa kama dawa ya kila kitu likawa halina mnunuzi. Mimi bado nina vizimba.

MamaSungura_Lurambi
Pole kwa vizimba, vitafaa sungura ukiongeza urefu. Mimi sikusema ni biashara. Nimesema ngozi inatupwa.

Daktari_Mifugo_Kericho
Niongeze neno, kwa sababu naona bodaboda wengi humu na barabarani mnaokota vitu. Msichune mnyama mliyemkuta amekufa. Si ng'ombe, si mbuzi, si wa porini. Mwaka 2015 nyati wengi walikufa kwa kimeta ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, hapo hapo mlango wa mji. Viini vya kimeta vinajifungia kwenye ganda na vinakaa udongoni miaka mingi, na njia ya kawaida ya binadamu kupata ni mikono yenye mikwaruzo inayoshika mzoga, ngozi au sufu. Kinaanza kama kipele kinachowasha, kisichouma, halafu katikati kinakuwa cheusi. Ukiona hicho baada ya kushika ngozi, nenda hospitali siku hiyo na umwambie daktari ulishika nini. Kuchuna na kukwangua vaa glavu hata kama ni sungura wako mwenyewe.

Mzoga wenye damu inayotoka puani au mkunduni na haigandi, usiufungue kabisa. Ita ofisi ya mifugo.

KijanaWaBahati (baada ya wiki mbili na nusu)
Wadau nimerudi, na nimerudi kwa aibu. Nilipata ngozi sita kwa mama mmoja wa Kiamunyi. Alinipa Ijumaa saa nne asubuhi, nikaziweka kwenye boksi la bodaboda ndani ya mfuko, nikasema nitapeleka nyumbani nikimaliza. Ijumaa abiria walikuwa wengi. Nilifika nyumbani saa tatu usiku. Nikafuata kila kitu cha Mama Sungura, vipimo sawa, kukoroga sawa, glavu nimevaa, utando umetoka vizuri nikafurahi mpaka nikamwita mama aone. Siku ya saba nikatoa ya kwanza, nikapitisha mkono kwenye manyoya. Yakaja yote. Nne zimekuwa vipara. Mbili zimepona nusu nusu, lakini nazo nilizitundika nikaenda kazini, nikirudi zimekauka. Ukizigonga zinalia.

Mbwa wetu amekataa hata kuzinusa.

MamaSungura_Lurambi
Saa nne hadi saa tatu usiku ndani ya plastiki juu ya injini! Mwanangu. Hizo zilikuwa zimekwisha kabla hazijaona ndoo. Mbili zilizokauka usizitupe, zirudishe kwenye maji yenye chumvi kidogo mpaka zilegee, uanze kuvuta. Ndiyo shule hiyo. Zangu za kwanza nilizika nyuma ya choo mume wangu asione.

MtegaFuko_Molo
Ile nimecheka ni ya mbwa.

Mzee_wa_Njoro
Nimekuwa msomaji tu, lakini sasa niseme. Hiyo shabu ni nzuri kwa manyoya meupe, ila ngozi yake ni ya kubembelezwa. Sisi tulikuwa tukitumia gome la muwati. Vijana hamjui, lakini ile miti mnayoikata makaa iliwahi kuwa uchumi. Eldoret kulikuwa na kampuni ya EATEC, mashamba ya miwati yalifunika Uasin Gishu, magome yakisagwa na kuchemshwa kutoa dawa ya ngozi iliyosafirishwa nje. Marehemu baba yangu alikuwa mbanduaji. Mti unapigwa panga kuzunguka shina chini, gome linashikwa, linavutwa kwenda juu kama mkanda mrefu. Msimu wa mvua linatoka lenyewe, kiangazi linagoma.

Kijana, gome bichi likatekate vipande vya urefu wa kidole, lichemshe kwa moto wa polepole saa mbili tatu, maji yawe mekundu kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Chuja, acha yapoe kabisa. Ngozi ikiingia kwenye maji moto inajikunja kama nyama kwenye kikaango na hairudi.

Usianze na maji makali. Hili ndilo linalowashinda wenye haraka. Ngozi ikikutana na dawa kali siku ya kwanza, inaiva nje, inajifunga, ndani inabaki mbichi, nawe unadhani umemaliza. Anza na maji mepesi, rangi ya chai ya wagonjwa. Siku ya tatu ongeza makali kidogo, siku ya sita tena. Ngozi ya sungura wiki mbili inatosha, ya mbuzi mwezi na zaidi. Kujua imeiva, kata kipande kidogo pembeni utazame ukingo wake. Rangi iwe moja kutoka juu hadi chini. Ukiona mstari mweupe katikati, rudisha. Msije mkachanganya na alama ya Mama Sungura. Kwa shabu weupe ni dalili njema, kwa gome weupe ni ubichi.

Manyoya meupe yatapata rangi ya kahawia, hilo huwezi kulikwepa. Lakini hiyo ngozi inanyeshewa.

Dala_Kisumu
Amosi! Mzee umenikumbusha. Huku Kisumu tunafanya hivyo hivyo na mbuta. Viwanda vya minofu vinatoa nyama, ngozi ilikuwa inabaki takataka, siku hizi kuna watu wanaikwangua magamba na kuigeuza ngozi kamili ya viatu na pochi. Nyuzi zake zimepishana, kwa hivyo kwa unene wake ni ngumu kuchanika kuliko mnavyodhani. Harufu inaisha ikitengenezwa vizuri, nasema hivi kwa sababu najua mtauliza. Manyoya hakuna, lakini kijana akija Kisumu atakwangua hadi achoke. KIRDI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, wana kituo huku pia, mtu anaweza kwenda kuuliza habari za ngozi badala ya kubahatisha na ndoo.

Boda_wa_Free_Area
Naomba kuuliza, mkanda wa mbuta unanuka?

Dala_Kisumu
Omera, nimesema nini juzi?

KijanaWaBahati (wiki tano baadaye)
Nimefaulu. Rudia: NIMEFAULU. Safari hii nilienda na ndoo yenye maji baridi nikaifunga nyuma ya pikipiki, ngozi zikatoka kwa sungura zikaingia kwenye maji pale pale. Watu wa Kiamunyi walinitazama, nikawaambia ni samaki. Tatu, za miezi minane, chinchila mbili na mweupe mmoja. Saa 48, utando, siku saba, mstari mweupe ukatokea nikaupiga picha. Nikavuta kwenye mgongo wa kiti siku nzima ya Jumapili, mikono ikatoka malengelenge. Kiini cha yai, unga. Mama yangu amezishika akaniuliza nimenunua wapi.

Nilienda pia Molo. Fuko wanne kwa siku mbili, na kitanzi kimoja kilinishika mimi kidole. Ngozi moja nilijaribu kuitengeneza. Ndugu wa Molo alisema kweli, kidole kilipita.

Picha nimeweka chini. Hizi tatu nimezishona pamoja, nimetengeneza kifuniko cha kiti cha pikipiki. Abiria wanauliza ni mnyama gani, najibu sungura, hawaamini.

Afande_Mstaafu
Kazi nzuri. Weka risiti au hata karatasi iliyosainiwa na huyo mama anayekupa ngozi. Askari wa barabarani hajui sungura na kanu.

MamaSungura_Lurambi
Nimefurahi mpaka nimemwonyesha jirani. Lakini mwanangu, kiti cha pikipiki? Nyinyi huko mvua imeisha?

KijanaWaBahati (siku mbili baadaye)
Mvua haijaisha.

MamaSungura_Lurambi
Nilisema nini kuhusu maji.

KijanaWaBahati
Ulisema mama. Ilinyesha jana kutoka Section 58 mpaka Bahati, sikuwa na mahali pa kujibanza. Asubuhi kiti kilikuwa kigumu kama mkate wa wiki. Nimekitoa, nimekilowanisha, navuta tena. Mzee wa Njoro, unapatikana Jumamosi? Nina ngozi mbili za chumvi zinangoja na sitaki kuzipa shabu.

Mzee_wa_Njoro
Napatikana. Njoo na gunia na panga kali, miwati iko nyuma ya shule. Sufuria ya kuchemshia nitakupa mimi, usibebe ile ya chuma ya mama yako. Dawa ya gome ikigusa chuma inakuwa wino, na utatoka na ngozi nyeusi ambayo hukuiomba.

Mnyonge_Njoro
Mzee, nyuma ya shule gani? Nami nina gunia.